Viatu vya ncha: nguvu anayoitaka mwalimu ni ipi, na binti aipate wapi?

Swali: Binti yangu ana miaka 11 na nusu. Yuko mwaka wa tatu wa baleti, darasa mara mbili kwa wiki, hapa Nairobi. Wenzake wawili wa shule nyingine wameshanunuliwa viatu vya ncha, vile vyenye boksi gumu mbele vya kusimamia ncha za vidole, na yeye halali kwa kuvitaka. Mwalimu wake anasema “bado, aongeze nguvu kwanza”, ila hasemi nguvu ipi. Nyumbani anajinyoosha kila jioni: anabana miguu chini ya kochi ili wayo upinde, halafu anakaa amepiga msamba mbele ya televisheni hata nusu saa. Je, hiyo inamwongezea nguvu? Afanye mazoezi gani, na nitajuaje kwamba yuko tayari? Tunakaa fleti, sakafu ni vigae.

Jibu: Mwalimu wake hajakosea, mama. Na anachokifanya binti yako jioni hakimwongezei nguvu. Kinamwongezea ulegevu wa viungo, kitu ambacho watoto wengi wa baleti wanacho tayari kuliko wanavyoweza kukitawala. Kubana miguu chini ya kochi kukome leo. Msamba si lazima uachwe, ila tutauhamisha saa na kuupunguza.

Tuanze na umri, maana ndilo fupi. Jumuiya ya kimataifa ya tiba na sayansi ya dansi, IADMS, inashauri mtoto asianze kazi ya ncha kabla ya miaka 12. Aliyeingia baleti akiwa na miaka 8 au zaidi, na anayehudhuria darasa angalau mara mbili kwa wiki, aanze katika mwaka wa nne. Kwa hesabu hiyo binti yako anafika mwakani, hajachelewa hata kidogo. Kama shule yake inafuata mtaala wa Royal Academy of Dance ya London, kazi ya ncha huingia kwenye ngazi ya Intermediate Foundation, na mtihani wa ngazi hiyo unaweza kusubiri mtoto. Mtoto asikimbizwe ili auwahi mtihani.

Utasikia watu wakisema sababu ya kusubiri ni mifupa michanga. Lina ukweli nusu. Mifupa ya wayo wa msichana hukamilika kukomaa kati ya miaka 14 na 16 hivi, na wachezaji wengi huanza kabla ya hapo wakawa salama. Kinachowalinda ni misuli na utawala wa mwili. Kiatu cha ncha hakimwinui mtu. Boksi hukusanya vidole na kuvipa kijukwaa cha kusimamia, soli ngumu ya ndani huegemeza upinde wa wayo, basi. Kupanda, kutulia juu na kushuka taratibu ni kazi ya mguu wenyewe. Mguu dhaifu huzama ndani ya boksi: uzito unaangukia kucha ya kidole gumba, vidole vinajikunja, kifundo kinamwagika upande wa kidole cha mwisho. Hapo ndipo watoto wanapoteguka.

Nguvu anayoitaka mwalimu iko mahali panne: kigimbi, misuli midogo iliyo ndani ya wayo, misuli ya kina ya nyonga inayogeuza paja kwa nje, na kiwiliwili kuanzia chini ya mbavu hadi fupanyonga. Zote nne unaweza kuzipima nyumbani jioni moja, bila kifaa cha maana.

Kipimo kinachosema mengi kuliko vyote

Ni kuinua kisigino kwa mguu mmoja. Msimamishe pekupeku ubavu kwa ukuta, ncha za vidole viwili zikigusa ukuta usawa wa kifua. Nasema kugusa, si kuegemea. Mguu mwingine aukunje nyuma kidogo. Mwambie apande juu kadiri awezavyo, goti likiwa limenyooka, kisha bandika kipande cha selotepu ukutani usawa wa utosi wake. Washa metronomu ya simu, ile programu inayogonga mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika: pigo moja kupanda, pigo moja kushuka. Hesabu zile tu ambazo utosi umefika kwenye selotepu. Akishindwa kuifikia mara mbili mfululizo, kipimo kimeisha, hata kama yeye anadai bado ana nguvu.

Lengo ni 25 kila mguu. Usishangae akikwama kwenye 10 au 12 mara ya kwanza. Na bila ile selotepu angekwambia amefika 30, kwa sababu mtoto akichoka hupunguza urefu wa kupanda badala ya kupunguza idadi.

Wakati anahesabu, wewe tazama mguu. Goti likianza kukunjika kidogo kabla ya kila kupanda, kigimbi kimechoka na paja linamsaidia kurusha mwili. Vidole vikikwaruza sakafu na kucha zikiwa nyeupe, misuli midogo ya wayo haijafika kazini na kano ndefu za vidole zinaibeba kazi yake. Kisigino kikikimbilia ndani na uzito ukahamia kidole cha mwisho, misuli ya ubavu wa nje wa goko ni dhaifu, na huyu ndiye mtoto wa kutegukia kwenye kiatu cha ncha. Akipanda vizuri kisha akaanguka chini kwa kishindo, hana nguvu ya kushuka. Andika ulichokiona pamoja na namba. Kile ulichokiona ndicho kitakachokuambia zoezi lipi lipewe uzito.

Vipimo vingine ni vya haraka. Akae sakafuni miguu imenyooka, apointi wayo, yaani aunyooshe vidole vielekee mbele, kwa nguvu zake mwenyewe, kisha laza rula juu ya shingo ya wayo, pale wayo unapokutana na goko. Rula ikilala sambamba na goko au ikielekea chini zaidi, ana mwendo wa kutosha kusimama juu ya ncha. Ikibaki imeinuka kuelekea dari, kiungo hakijafunguka vya kutosha, na mfupa ukiwa ndio unaozuia hakuna kochi litakaloubadilisha. Hilo ni suala la mwalimu na mtaalamu wa fiziotherapi.

Kisha asimame mguu mmoja, ainame mbele na kuunyoosha mguu wa pili nyuma hadi mgongo na mguu huo viwe sambamba na sakafu. Katika hali hiyo akunje goti la mguu aliosimamia hadi vidole vya mikono viguse chini, anyooke tena, mara tano. Mara nne kati ya tano goti libaki juu ya kidole cha pili cha mguu, na nyonga mbili zitazame sakafu bila moja kupinduka kwenda juu. Goti likiingia ndani, tatizo kwa kawaida liko nyonga, si goti.

Kipimo cha mwisho mwachie mwalimu, kwa sababu kinataka sakafu ya mbao: kuruka mara 16 mfululizo kwa mguu mmoja, wayo ukipointi hewani na kisigino kikigusa chini kila anapotua. Mzunguko mmoja safi wa pirueti, yaani kuzunguka ukiwa umesimamia mguu mmoja, nao unatazamwa hapo hapo.

Mazoezi yenyewe

Siku tatu kwa wiki zinatosha, dakika 25 hivi, na zisifuatane. Kama darasa ni Jumanne na Alhamisi, weka Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Kila siku si bora zaidi. Misuli hujengeka wakati wa mapumziko, na mtoto anayefanya kila siku huishia kufanya ovyo. Mpe muhula mzima wa shule, wiki 12, kabla ya kurudia vipimo vyote. Selotepu peke yake mnaweza kuirudia kila baada ya wiki tatu.

Apashe mwili moto kwa dakika tano: ngazi za fleti kupanda na kushuka kwa mwendo wa kutembea, mara mbili tatu, zinafaa kabisa.

Kigimbi ndicho kipewe nafasi ya kwanza, mtoto akiwa bado mbichi. Wiki tatu za mwanzo apande kwa miguu miwili, juu ahamishie uzito mguu mmoja, ashuke na huo mmoja kwa hesabu ya nne. Seti tatu za mara 10 kila mguu, apumzike dakika moja katikati. Kushuka taratibu ndiko kunakojenga, na ndiko watoto wanakokukwepa. Wiki ya nne hadi ya saba apande na kushuka kwa mguu mmoja, seti tatu za mara 8, akiongeza mara mbili kila wiki kama hakupoteza urefu. Wiki ya nane ahamie ukingo wa ngazi, kisigino kikishuka chini ya ukingo kabla ya kupanda, huku ameshika reli. Akiona rahisi, avae mkoba wa mgongoni wenye vitabu vya kilo mbili. Seti moja katika kila kikao aifanye goti likiwa limekunjwa kidogo na libaki hivyo muda wote, kwa sababu kigimbi kina msuli wa ndani ambao hubeba sehemu kubwa zaidi ya kazi goti likikunjwa, na huo ndio unaomtumikia kwenye plie, yaani kukunja magoti, na kutua.

Misuli midogo ya wayo haionekani, kwa hiyo hapa ndipo penye udanganyifu mwingi. Akae kwenye kiti, wayo mzima chini. Avute shina la kidole gumba kuelekea kisigino ili upinde uinuke, vidole vikibaki virefu na vimelala. Ashike hesabu ya tano, aachie, mara 10 kila mguu. Wiki ya kwanza hakuna kitakachosogea na atakasirika. Mguse chini ya upinde kwa kidole chako. Ukihisi kitu kimekaza, zoezi liko sahihi hata kama jicho halioni. Baada ya hapo ainue kidole gumba peke yake huku vinne vimelala, kisha vinne huku gumba limelala. Kuna zoezi maarufu la kukusanya taulo kwa vidole vya miguu. Silipendi kwa mtoto anayejiandaa kwa ncha, kwa sababu linamfundisha kukunja vidole, jambo lile lile tutakalomkataza akivaa kiatu.

Kwa kifundo anahitaji mpira wa mazoezi. Kama haupatikani, tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa urefu wa mita moja na nusu na kuoshwa vizuri hufanya kazi hiyo hiyo. Tyubu ya pikipiki ni ngumu mno kwake. Akae miguu imenyooka, mpira upite chini ya vidole, ncha mbili mkononi. Apointi kifundo kwanza, vidole mwishoni. Kurudi, vidole vianze, kifundo kifuate. Seti mbili za mara 15, polepole. Ikiwa hawezi kufika 15 bila kukunja vidole, mpira ni mgumu, aulegeze. Kisha afunge mpira kwenye mguu wa meza, auzungushe ubavu wa nje wa wayo, ausukume wayo kwenda nje bila goti kugeuka, mara 15 mara mbili. Huu msukumo wa nje ndio kinga ya kuteguka, na sijui kwa nini madarasa mengi huusahau.

Nyonga sasa. Walimu wakisema “fungua miguu nje”, watoto hugeuza nyayo kwanza kisha kuacha magoti yateseke. Mgeuko wa kweli unaanzia kwenye paja linavyozunguka ndani ya tundu la nyonga, na ukomo wake hutegemea umbo la mfupa aliozaliwa nalo. Asimame mkao wa kwanza, visigino pamoja na vidole vikitazama nje, akunje magoti kidogo: kama magoti yanatazama ndani ya vidole vikubwa na matao ya nyayo yamelala, amejilazimisha. Afunge pembe hadi magoti yaelekee juu ya kidole cha pili, na hapo ndipo mgeuko wake halali ulipo kwa leo. Kuuimarisha: alale ubavu, magoti yamekunjwa, visigino vimegusana, ainue goti la juu bila kisigino kuachana na mwenzake, ashike hesabu ya tatu, mara 12, seti mbili. Mweke mgongo wake dhidi ya ukuta, kwa sababu watoto hupindua fupanyonga nyuma na kudhani goti limepanda. Ukuta ukiwepo, goti litapanda nusu ya alivyozoea, na hiyo nusu ndiyo ya kweli.

Kiwiliwili hakihitaji mengi. Alale chali, mguu mmoja umekanyaga na mwingine umenyooka hewani, ainue makalio mara 10 kila upande. Ajiegemeze kwa kiwiko ubavu, mwili umenyooka, sekunde 20 hadi 30. Amalize na lile zoezi la kuinama mguu mmoja nililolieleza kwenye vipimo, mara tano kila upande, akitumia ukuta mpaka atulie.

Vigae vyenu havina shida kwa haya yote mradi kuna mkeka wa povu na awe pekupeku. Soksi kwenye vigae ni mwaliko wa kuanguka. Marufuku ni kuruka. Kigae kimelala juu ya zege, hakinyonyi mshindo wowote, na goko la mtoto ndilo linaloumeza. Studio ya kweli ina sakafu ya mbao yenye nafasi chini yake. Hilo linahusu pia kuruka kamba: nje kwenye nyasi au udongo, ndiyo, sebuleni, hapana. Na atakapopata viatu vya ncha, havivaliwi nyumbani kabisa mwaka wa kwanza.

Kujinyoosha, kuogelea na mengineyo

Msamba uhamie baada ya darasa au baada ya mazoezi, mwili ukiwa moto. Sekunde 30 kila upande, mara mbili au tatu, mpaka pale anapohisi mvuto na si maumivu. Nusu saa mbele ya televisheni, mwili baridi, hunyoosha ligamenti zinazopaswa kushika kiungo, na kwa umri wake huvuta pale misuli ya nyuma ya paja inaposhikana na mfupa wa makalio, sehemu ambayo bado ni gegedu. Akilalamika maumivu chini ya kalio akikaa, huenda chanzo ni hicho. Kabla ya darasa asikae kwenye mnyoosho mrefu. Ukizidi dakika moja kwa msuli mmoja hupunguza nguvu ya kuruka kwa muda. Msamba wa kuweka mguu juu ya kiti ili upite mstari ulionyooka sioni unamsaidia nini mtoto wa miaka 11.

Lile la kochi lina ubaya wake wa pekee. Linasukuma wayo kwa nguvu za nje, likinyoosha kano za mbele ya kifundo na kubana tishu za nyuma, kati ya kisigino na mfupa wa goko. Mwisho wake ni wayo unaopendeza kwenye picha lakini hausimami. Kama tayari magoti yake yanapinda kwenda nyuma akisimama, na kidole gumba cha mkono kikikunjwa kinafika kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, huyo ni mlegevu wa asili: apunguze kunyoosha zaidi na aongeze muda wa mazoezi ya nguvu, pengine mihula miwili badala ya mmoja.

Pumzi ni jambo linalopuuzwa. Darasa la baleti ni kazi fupi na kusubiri, kazi fupi na kusubiri. Moyo haukai juu muda wa kutosha kujifunza. Mchezaji aliyechoka hutua vibaya, na majeraha mengi hutokea mwishoni mwa siku. Mara mbili kwa wiki, dakika 20 hadi 30 za kuogelea, baiskeli au kutembea haraka kwenye mwinuko zinamtosha. Akiogelea, apige kroli. Miguu inayopigwa imepointi ni zoezi la bure la kifundo. Mtindo wa chura unazungusha goti kwa nje kwa nguvu, basi asiufanye urefu mwingi.

Pilates, mazoezi ya taratibu ya kuimarisha kiwiliwili, ni nzuri ukipata mwalimu anayejua wachezaji. Joseph Pilates mwenyewe alikuwa na studio New York tangu miaka ya 1920, na George Balanchine, mtunzi mashuhuri wa baleti, alikuwa akimpelekea wachezaji wake. Yoga inafaa kwa pumzi na utulivu, ila mtoto mlegevu huitumia kuning’inia kwenye viungo. Kuhusu vyuma: ile hofu kwamba kubeba uzito kunadumaza watoto haina msingi, mradi uzito ni mdogo, mkao ni sahihi na kuna mtu mzima anayesimamia.

Bandika pia alama za kimo chake kwenye fremu ya mlango kila mwezi. Akianza kuongezeka zaidi ya nusu sentimita kwa mwezi, miezi miwili mitatu mfululizo, ujue mifupa imekimbia mbele ya misuli. Mizani yake itapotea, msamba utafunga, idadi ya selotepu itashuka. Wengi hukata tamaa hapo. Kipindi hicho apunguze kuruka, abaki na mazoezi ya polepole, na msikimbizane na namba mpaka mwendo wa kukua utulie.

Chakula kisiwe somo la uzito. Mtoto anayekua na kucheza siku tano kwa wiki anahitaji kula kabla ya darasa, saa moja au mbili kabla: ndizi, kiazi kitamu, chapati na maziwa. Kiwango cha kalsiamu kinachopendekezwa Marekani kwa miaka 9 hadi 18 ni miligramu 1300 kwa siku; glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kama 300, na omena wanaoliwa na mifupa yao pamoja na mtindi humalizia sehemu kubwa. Hedhi ikiwa haijaja afikapo miaka 15, au ikija kisha ikakatika miezi mitatu, mwone daktari. Mwili unaokosa nishati huacha kujenga mfupa.

Maumivu yapi ni ya kusimamisha mazoezi

Uchovu wa kigimbi unaoisha baada ya siku mbili ni wa kawaida. Maumivu ya nyuma ya kisigino kwa mtoto wa miaka 8 hadi 13, hasa akiruka, mara nyingi ni sehemu ya ukuaji ya mfupa wa kisigino kuvutwa na kano. Apumzishwe kuruka wiki kadhaa, na yasipopungua amwone daktari. Maumivu ya nyuma ya kifundo kila anapopointi yanataka fiziotherapi, si mafuta ya kuchua. Na kama anaweza kuweka kidole kimoja juu ya mfupa na kusema “hapa”, hasa katikati ya wayo kwenye shina la kidole cha pili, asimame siku hiyo hiyo na apelekwe hospitali. Hapo hutokea nyufa ndogo za mfupa ambazo picha ya eksirei ya kwanza inaweza isizioneshe.

Mwalimu akisema ndiyo

Usiagize mtandaoni kwa namba ya kiatu cha shule, na usinunue vya mtumba hata viwe vipya machoni. Soli iliyokwisha kupinda kwa wayo wa mwingine itampindisha wa pili mahali pasipo pake. Avae mbele ya mwalimu au muuzaji anayejua kazi. Akisimama wayo mzima, vidole vilale vimenyooka vikigusa mwisho wa boksi bila kujikunja. Akipanda, asizame, na kwenye kisigino ubane kitambaa kidogo tu kwa vidole viwili. Usiache nafasi ya kukulia. Kiatu cha ncha kikubwa kwa nusu namba ni hatari kuliko kinachobana kidogo.

Boksi la kawaida limetengenezwa kwa tabaka za kitambaa, karatasi na gundi, na jasho ndilo adui yake. Baada ya darasa atoe vitambaa vya vidole, atundike viatu penye hewa hadi siku ya pili, asivifungie kwenye mfuko wa plastiki. Kwa ndugu zetu wa Mombasa na Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe ina maji, vinahitaji siku mbili na feni.

Miezi ya kwanza kazi ni dakika 10 mwishoni mwa darasa, mara mbili kwa wiki, mikono miwili kwenye fimbo ya ukutani, miguu miwili pamoja: kupanda, kutulia, kushuka. Kuhamia mguu mmoja au katikati ya chumba ni uamuzi wa mwalimu. Mazoezi ya kigimbi na ya wayo hayaachwi wakati huo. Yabaki mara mbili kwa wiki, na selotepu iendelee kukaa ukutani.